Maarusi, msirudi bara na homa ya kisiwani

MSIMU wa harusi ukifika, mabasi, ndege na magari-moshi ya kuelekea Mombasa hujaa abiria wa aina moja. Ni bwana na bibi waliooana Jumamosi iliyopita, pete bado zinang'aa na hina haijafifia mikononi mwa biarusi. Wanakwenda fungate.

Kwa desturi ya Waswahili, fungate ni siku saba ambazo maarusi hukaa ndani, wakilishwa na kutunzwa bila kufanya kazi yoyote. Siku hizi watu wa mjini hawakai ndani. Wengi hupenda kwenda kisiwani ambako watatazama samaki, ndege, kasa na pomboo mchana, kisha jioni waketi ufuoni wakisikiliza mawimbi.

Ikiwa hivyo ndivyo mnavyopanga, mmepanga vizuri. Baada ya miezi ya kamati, michango na kelele za jamaa, mwili na akili huhitaji mahali patulivu. Hata hivyo, kisiwa cha joto si bustani ya mjini. Kina viumbe wa kupendeza na kina viumbe wa kuogopwa, na anayestahili kuogopwa zaidi hana meno wala miiba. Ni mbu.

Ajabu ya mbu huyu ni kwamba hawaharibii maarusi fungate yao. Huwaachia wafurahi siku zao zote saba, kisha huwaangusha wakiwa wamerudi nyumbani Nairobi, Nyeri au Eldoret, wakati ambapo hawamkumbuki tena. Hapo ndipo maisha hupotea.

Makala haya yatachukua kisiwa cha Wasini kuwa mfano. Mengi yatakayosemwa yatamfaa pia anayekwenda Lamu, Unguja, Pemba au Mafia.

Kisiwa chenyewe

Wasini kiko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukitoka Mombasa unavuka Likoni, unapita Ukunda na Msambweni, halafu unaiacha barabara kuu na kuelekea Shimoni. Kutoka Shimoni ni safari fupi ya mashua.

Kisiwani kuna vijiji vya Waswahili, mikoko, na bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Akina mama wa kijijini walijenga njia ya mbao ili wageni wapite katikati ya mikoko na matumbawe hayo bila kuyakanyaga, nao hutoza ada ndogo.

Mbele zaidi baharini iko hifadhi ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Humo mna matumbawe hai, samaki wa kila rangi, kasa, na makundi ya pomboo. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita wakitoka kwenye bahari baridi za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto.

Hayo ndiyo mtakayoyaona. Sasa tuone yale ambayo hamtayaona.

Kwa nini mtu wa bara huugua zaidi

Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko haiwapi viini vya malaria nafasi nzuri ya kukomaa ndani ya mbu. Kwa sababu hiyo watu wengi waliolelewa Nairobi na nyanda za juu za kati hawajazoea malaria, na miili yao haina kinga dhidi yake.

Mkazi wa Kwale aliyeumwa na mbu tangu utotoni huwa amejenga kinga ya kiasi fulani. Akiambukizwa, huenda akaumwa kichwa siku mbili tatu. Maarusi wa bara akiambukizwa viini vilevile, anaweza kuzidiwa kwa siku chache tu, apoteze fahamu, figo zishindwe kazi au damu ipungue mno.

Pia kuna wale waliozaliwa pwani au kandokando ya Ziwa Victoria lakini wameishi Nairobi miaka mingi. Hawa hujiamini kupita kiasi. Yafaa wafahamu kuwa kinga ya malaria hupungua mtu asipoambukizwa kwa muda mrefu. Kusema “mimi nilikulia huko, malaria hainitishi” ni kujidanganya.

Hesabu ya siku saba

Mbu wanaoeneza malaria huuma tangu jua linapotua hadi alfajiri. Mbu aliye na viini akikuuma, viini hivyo huingia katika damu na kukimbilia ini. Huko hujificha na kuzaana kwa muda wa juma moja hivi. Katika siku hizo hutasikia homa, wala kipimo cha damu hakitaonyesha chochote.

Viini vikitoka kwenye ini ndipo huvamia chembechembe nyekundu za damu na homa huanza. Kwa aina ya malaria iliyo nyingi na hatari zaidi hapa kwetu, dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa. Mara nyingi huwa ni kati ya siku ya 9 na ya 14, na wakati mwingine huchelewa mwezi mmoja au hata mitatu.

Sasa piga hesabu. Maarusi wanafika kisiwani Jumapili na wanaumwa na mbu usiku huo. Jumapili ya pili wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Jumatano au Alhamisi, bwana ameshaingia kazini, anasikia kichwa kinauma, viungo vimelegea na mwili unatetemeka. Anasema ni uchovu wa safari, au mafua ya baridi ya Nairobi. Ananunua dawa za maumivu dukani.

Jumamosi hawezi kuinuka. Anapelekwa kliniki, na kwa kuwa wako Nairobi, hakuna anayefikiria malaria haraka. Huenda akaambiwa ni taifodi. Kumbe kila saa inayopita viini vinaongezeka.

Kwa hiyo jambo moja la kukumbuka ni hili: homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka pwani ni malaria hadi kipimo kionyeshe vingine. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie daktari kabla hajauliza, “Nilikuwa kisiwani, nilirudi tarehe fulani.” Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha yako.

Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi upimwe tena kesho yake na kesho kutwa.

Dawa ya kinga

Maarusi wengi hutumia majuma mengi kuchagua keki na hawatumii hata nusu saa kumwona daktari. Mwoneni majuma matatu au manne kabla ya safari. Zipo dawa ambazo mtu asiye na kinga anaweza kunywa ili asishikwe na malaria.

Dawa ya atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika, hunywewa kila siku mkiwa kule, na huendelea kwa siku saba baada ya kurudi. Ina nafuu kwa safari fupi, ingawa bei yake si ya chini.

Doksisaiklini huanzwa pia siku moja au mbili kabla, lakini lazima iendelee majuma manne baada ya kurudi. Dawa hii huwafanya baadhi ya watu waunguzwe na jua upesi, nanyi mnakwenda ufuoni. Pia haifai kwa mwanamke mjamzito.

Meflokwini hunywewa mara moja kwa juma. Huanzwa majuma mawili au matatu kabla, na huendelea majuma manne baada ya kurudi. Haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili, maana inaweza kuleta wasiwasi na ndoto mbaya.

Kosa kubwa ni kuacha dawa mara mnapofika nyumbani. Kumbukeni hesabu ya siku saba: viini vya usiku wa mwisho bado vimo kwenye ini. Ndiyo maana dawa haziishi siku fungate inapoisha.

Msitumie klorokwini kwa kuwa wazazi wenu waliitumia. Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998 kwa sababu viini vilikuwa vimeizoea. Dawa ya SP iliyochukua nafasi yake nayo ilipitwa mwaka 2004, serikali ilipochagua artemetha pamoja na lumefantrini. SP bado hupewa wajawazito katika sehemu zenye malaria nyingi, lakini si kinga ya msafiri.

Pamoja na hayo, hakuna dawa inayokinga kwa ukamilifu. Laleni ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na mkichunguze kama hakina matundu kabla ya giza kuingia. Jioni vaeni nguo ndefu na jipakeni dawa ya kufukuza mbu. Chakula cha jioni ufuoni kinapendeza, lakini vifundo vya miguu chini ya meza ndivyo mbu huvipenda. Vaeni soksi, hata kama picha zitaharibika.

Ikiwa biarusi ni mjamzito

Tuseme ukweli: si kila biarusi huenda fungate akiwa hajashika mimba, na wengine huishika hukohuko. Jambo hili lina uzito katika habari ya malaria.

Mwanamke mjamzito huvutia mbu zaidi kuliko asiye na mimba. Akiambukizwa, viini hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza kupungukiwa damu sana, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa na uzani mdogo. Hatari huwa kubwa zaidi katika mimba ya kwanza.

Kama tayari una mimba na safari inaweza kuahirishwa, afadhali iahirishwe au mwende mahali ambapo hatari ya malaria ni ndogo, kama vile Naivasha au Nanyuki. Ikiwa lazima mwende, daktari akuchagulie dawa ya kinga. Usijichagulie mwenyewe dukani. Na kama hedhi imechelewa nawe umerudi una homa, mtajie daktari mambo yote mawili.

Mbu wa mchana

Pwani kuna mbu wengine wenye madoadoa meupe miguuni, wanaouma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Hawa hawaenezi malaria bali homa ya dengi na chikungunya. Lamu ilikumbwa na chikungunya mwaka 2004, na Mombasa ikapatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013.

Dalili ni homa kali, maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma na pengine vipele. Kwa homa ya aina hii epuka aspirini na ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Tumia parasetamoli na upimwe malaria kwanza.

Jua halichagui rangi

Wapo wanaoamini kwamba jua huunguza Wazungu peke yao. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini nayo huungua, na wenye ngozi ya maji ya kunde hulijua hilo vizuri. Mwenye ulemavu wa ngozi ndiye aliye hatarini zaidi na hapaswi kukaa juani bila nguo ndefu na kofia pana.

Anayeelea akitazama samaki huwa ameupa jua mgongo wake kwa saa nzima, na maji baridi humfanya asihisi kuungua. Ogelea ukiwa na fulana. Jipake mafuta ya kukinga jua yenye nambari 30 au zaidi, na ukitoka majini ujipake tena. Ikiwa unatumia na dawa ya mbu, mafuta ya jua yatangulie.

Joto la pwani hunyonya maji mwilini haraka. Ukiona mkojo ni mchache na umekolea rangi, umechelewa kunywa maji. Pombe huzidisha ukavu huo, kwa hiyo bia ya mchana juani si kinywaji cha kukata kiu. Dafu ni bora.

Safari ya mashua

Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kaskazi inapovuma, hasa kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Anayetaka kuwaona nyangumi basi ajue kwamba huja wakati bahari ni kali.

Kichefuchefu cha baharini hakina aibu. Kula kidogo kabla ya kuondoka, kaa katikati ya mashua, na utazame mbali pale mbingu na bahari zinapokutana. Usisome wala kuchezea simu. Dawa ya kuzuia kutapika hunywewa saa moja kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika. Nyingi huleta usingizi, kwa hiyo usichanganye na pombe.

Biarusi anayetumia vidonge vya kupanga uzazi akumbuke kuwa akitapika ndani ya saa tatu baada ya kukinywa, kidonge hicho huhesabiwa kama hakikunywewa. Anywe kingine.

Msipande mashua isiyo na majaketi ya kujiokolea, na myavae, msiyakalie. Watu wengi wa bara hawajui kuogelea na huona haya kusema mbele ya mwenzi mpya. Mwambie nahodha kabla ya kuondoka. Yeye amezoea wageni na hatakucheka.

Tazama, usiguse

Kanuni ya hifadhi ni pia kanuni ya afya: macho yatazame, mikono itulie. Karibu madhara yote ya viumbe wa baharini humpata aliyekanyaga, aliyeshika au aliyeokota.

Wako viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama ya nungunungu, ambao hukaa kwenye miamba. Yuko samaki anayefanana na jiwe hata ukimtazama usimtambue, na miiba ya mgongoni mwake ina sumu ya maumivu makali. Taa naye hujifukia mchangani na hupiga kwa mkia akikanyagwa. Kwa hiyo maji yakipwa, usitembee miambani bila viatu vigumu, na mchangani buruta miguu badala ya kuinua, ili taa asikie aondoke.

Ukichomwa na mmoja wa hao, tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mwingine ajaribu joto la maji kwanza, kwa sababu aliye na maumivu anaweza kujibabua. Joto hilo hupunguza makali ya sumu. Kisha nenda hospitali kwa ajili ya miiba iliyobaki na sindano ya pepopunda. Hospitali kubwa iliyo karibu na Shimoni ni ile ya Msambweni.

Yavuyavu, yule mnyama mlaini kama utelezi anayeelea, huacha michirizi inayowasha. Suuza kwa maji ya bahari na uondoe mabaki kwa kibanzi. Usisugue kwa mchanga, usimwagie maji baridi ya bomba, na usikubali kukojolewa. Mambo hayo huzidisha sumu au hayana faida. Akipumua kwa shida, akimbizwe hospitali.

Konokono wa baharini wenye magamba mazuri yenye umbo la pia hupendwa na watafuta zawadi. Baadhi yao wana mwiba wenye sumu inayoweza kuua, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Aidha, kuokota magamba ndani ya hifadhi ni kosa.

Ukikwaruzwa na matumbawe, osha kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko mdogo. Vipande vidogo hubaki ndani na kidonda huoza haraka kwenye joto.

Nchi kavu, huko Diani na Shimoni, mtawakuta tumbili na mbega. Msiwalishe. Tumbili aliyezoea kulishwa hunyang'anya na kuuma. Akikuuma, au mbwa au paka wa mtaani akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda upewe chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zikianza hauponi.

Chakula na maji

Visiwani maji baridi ni adimu. Wasini kwa miaka mingi imetegemea maji ya mvua. Kunyweni maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na mjihadhari na barafu msiyojua ilikotoka.

Kaa na samaki waliopikwa sasa hivi ni salama na ni watamu. Chaza wabichi waacheni. Samaki aitwaye bunju, yule anayejivimbisha, ana sumu ambayo haiishi hata akipikwa.

Mtu akiwakaribisha nyama ya kasa kwa siri, kataeni. Mbali na kuwa kasa analindwa kisheria, nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoondolewa kwa kupika. Mnamo Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto.

Bahari haina kichocho, lakini madimbwi na vijito vya Kwale vinacho. Msioge humo, hata maji yakionekana safi. Mkojo wenye damu majuma kadhaa baadaye ni ishara ya kumwona daktari.

Maradhi ya faragha

Kuna ugonjwa unaowapata mabibi harusi wengi ambao huzungumzwa kwa kunong'ona. Siku chache baada ya kuanza tendo la ndoa, mwanamke husikia mkojo ukichoma, huenda msalani kila dakika chache, na chini ya kitovu humuuma. Wengine hufikiri wameambukizwa na waume zao, na ndoa ya siku tano huingia ugomvi.

Mara nyingi si hivyo. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Wakati wa tendo la ndoa, bakteria wa kawaida wa tumboni husukumwa hadi kibofuni. Joto, kutokunywa maji na kubana mkojo katika safari ndefu ya basi au mashua huwapa nafasi ya kuzaana.

Kunywa maji mengi, usibane mkojo, na uende haja ndogo baada ya tendo la ndoa. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Usijioshe ndani kwa sabuni wala manukato. Badili nguo mbichi za kuogelea, kwa kuwa unyevu hukuza kuvu.

Dalili zikianza, nenda upimwe mkojo na upewe dawa zinazofaa, nawe uzimalize. Ukiwa na homa na maumivu ya kiunoni, ugonjwa umeelekea kwenye figo na hauwezi kungoja mrudi nyumbani. Lakini ukiona uchafu usio wa kawaida au vidonda, hayo yanaweza kuwa maradhi ya zinaa, na hapo nyote wawili mpimwe na kutibiwa pamoja.

Mkirudi nyumbani

Mkifika, andikeni tarehe mliyoondoka kisiwani kwenye kalenda ya ukutani. Hesabuni majuma manne na mtie alama siku ya kumaliza dawa, ikiwa mlipewa ya majuma manne. Kisha hesabuni miezi mitatu na mtie alama nyingine. Katika muda huo mmoja wenu akishikwa na homa, mwingine asimsikilize anaposema ni uchovu. Amshike mkono ampeleke kupimwa.

Malaria ikigunduliwa mapema huponywa. Dawa ya artemetha na lumefantrini hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au kikombe cha maziwa ili ifanye kazi vizuri. Imalizwe yote, hata nafuu ikija siku ya kwanza. Lakini mgonjwa anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, aliye na macho ya manjano, anayepumua kwa shida au aliyepatwa na degedege hatibiwi nyumbani. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Siku ya harusi mliahidiana kutunzana katika afya na katika ugonjwa. Ahadi hiyo huanza kazi mapema, pengine juma la pili la ndoa, kwa mambo madogo kama kukumbushana kidonge cha jioni na kuchomeka chandarua vizuri chini ya godoro. Kinga ni bora kuliko tiba. Nendeni salama, muwaone pomboo, na mrudi wazima nyote wawili.